Siku Mama Beni Alipotaka Kumfunga Baba

Walipobomoa nyumba ya marehemu mama kule upande wa ziwa, mpwa wangu aliniletea kikopo cha kipande cha baba, amekizungushia gazeti. Wenzangu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Kwa wadogo, kama yupo anayesoma: kipande kilikuwa karatasi ya kila mwanamume mweusi, yenye alama za vidole vyake na sahihi za waliomwandika kazi, na aliibeba ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Cha baba kimeshikwa na kutu hata kifuniko hakitoki. Tangu juzi nimekilaza kwenye kibakuli cha mafuta ya taa, nangoja kutu ilegee.

Kilichomo nakijua. Kuna karatasi yenyewe, na kuna uzi. Baba alinionyesha uzi huo mara moja tu, asubuhi ya harusi yangu, akaurudisha na kukibana kifuniko. Lakini harufu ya mafuta ya taa haina adabu, humkokota mtu inakotaka. Mimi imenirudisha Sotik, kwenye duka la Bwana Jetha, ambako kila kitu kilinuka mafuta ya taa, bizari na vitambaa vipya vya marekani.

Baba yangu, Filipo, alitoka ziwani kuja kuchuma chai. Mashamba yalikuwa bado machanga, chai yenyewe inamfika mtu kiunoni. Kazi ilikwenda kwa tikiti: unafanya siku thelathini, karani anakata, unaanza nyingine, mpaka mkataba uishe. Mama alipokaribia kufa kwa uzazi wa mdogo wangu, baba aliomba ruhusa akanyimwa. Basi akaondoka bila ruhusa, mkataba haujaisha, na kipande chake kikabaki bila sahihi ya kuachishwa. Siku hizo kutoroka kazi hakukuwa utovu wa nidhamu tu, kulikuwa kosa la jela.

Mama alipopona hawakukaa ziwani, ambako baba angetafutwa kwanza. Walisogea Sotik. Pale palikuwa na kijana wa Kihindi aitwaye Kanti, fundi cherehani kwenye baraza ya duka la shemeji yake, Bwana Jetha. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kukanyaga mashine ya pili. Kanti alimfundisha baba kukata, kupima na kutia lisani, ule ulimi wa vifungo vya suruali. Wakakaa bega kwa bega karibu miaka mitatu, mmoja akiimba nyimbo za kwao na mwingine tenzi za kanisani, na ajabu ni kwamba mashine zao zilikwenda pamoja.

Dada yake Kanti, mke wa Bwana Jetha, tulimwita Mama Beni. Wahindi wenyewe walimwita Shantaben, nasi tukadhani Shanta ni jina lake na Beni ni la baba yake. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba "ben" kwa Kigujarati ni dada tu. Kumbe soko zima, kutoka kwa wauza kuku mpaka kwa askari, lilikuwa likimwita Mama Dada bila kujua.

Mwaka ninaousimulia, Kanti alikufa. Ilikuwa homa ile ya mkojo mweusi, ikammaliza kwa siku sita katika mvua za masika. Baba ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani na kumnywesha maji kwa kijiko. Siku ya tano Kanti alivua kastabini yake, kile kikofia cha shaba cha kuvaa kidoleni wakati wa kushona, akamvalisha baba. Baada ya maziko yao, ambayo si ya kuzika bali ya kuchoma, cherehani ya Kanti ilifunikwa kitambaa cheupe. Mama Beni hakutoka barazani tena kwa muda mrefu.

Sitasema uongo kwamba tulikuwa ndugu tangu mwanzo. Baba alikunywa chai kwa kikombe chake cha bati kilichoning'inia kwenye msumari nje, na jikoni kwa Mama Beni hakuna mmoja wetu aliyevuka kizingiti. Mimi niliruhusiwa kukaa ngazi ya nyuma kumenya mbaazi. Nikimaliza ananirushia kipande cha sukari guru, nami nadaka. Mchezo wetu ulikuwa huo, na niliupenda.

Sasa hapo kwenye ngazi ndipo mambo yalipoharibika, na lawama zote nalitupia neno moja. Nyumbani tulisema Kijaluo, Mama Beni kwake alisema Kigujarati, majirani walisema Kikipsigis. Kiswahili chetu sote kilikuwa nguo ya kuazima, hakuna ambaye ilimkaa vizuri. Mimi neno "funga" nililijua hivi: mlango unafungwa, duka linafungwa, mzigo unafungwa, lakini mtu akifungwa ni jela. Na kila jioni nilimsikia mama akimwambia baba kwa sauti ya chini kwamba wakiona kipande chake, watamfunga.

Basi siku moja ya mwezi wa nane nimekaa na mbaazi zangu, Mama Beni akachuchumaa karibu nami. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Kanti afe.

"Atieno," akasema, "kesho mimi nafunga baba yako."

Ganda la mbaazi likabaki mkononi mwangu.

"Yeye hapana jua. Wewe hapana sema. Kesho asubuhi mimi hapana kula, hapana kunywa chai, mpaka nafunga yeye." Akanipa sukari guru mkononi, hakunirushia. "Wewe nafurahi?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Niliila sukari ile njia nzima kuelekea nyumbani huku nikilia, nikijiuliza baba amemkosea nini mwanamke huyu hata ajinyime chakula mpaka amwone jela. Usiri wake ndio ulionitia baridi zaidi. Nilikuwa na umri kama wa miaka saba, na nilikuwa nimekatazwa na mtu mzima nisiseme, kwa hiyo sikusema.

Kesho yake nilimfuata baba dukani. Aliketi, akapachika uzi, akaanza suruali ya kaki. Mimi nikazunguka nyuma. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na karibu na kizingiti kulikuwa na sinia ya shaba inayong'aa. Juu yake palikuwa na taa ndogo ya samli, punje za mchele, unga mwekundu, vitumbua vya mviringo vya unga wa dengu ambavyo baadaye nilijua vinaitwa ladu, na katikati uzi mwekundu wenye ua la nyuzi za dhahabu. Nikajua ndio huo wa kumfungia baba. Sikuelewa uzi mwembamba vile utamfungaje mwanamume mzima, mpaka nilipokumbuka habari za dawa ambazo mama alinisimulia. Nikanyoosha mkono juu ya kizingiti kile nisichopaswa kuvuka, nikauchukua.

Nilikwenda nao barazani nikausukuma ndani kabisa ya gunia la vitambaa chakavu, lile lililokaa miguuni pa baba. Kisha nikasikia kelele jikoni. Mama Beni alikuwa anatafuta, anamwita mumewe, na Bwana Jetha anajibu kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa kwenye mizani. Wakati huohuo, kwa bahati yetu mbaya, askari akaingia dukani kununua kiberiti. Fulana ya bluu, kofia nyekundu, na pingu kiunoni.

Nikamsogelea baba sikioni. "Baba, Mama Beni anataka kukufunga. Leo. Amesema hatakula mpaka akufunge."

Baba alimtazama askari. Hakuniuliza hata neno. Aliinua mguu kutoka kwenye kikanyagio, akasimama taratibu kama anayekwenda haja, akateremka ngazi za baraza na kupita nyuma ya stoo ya mahindi. Suruali ilibaki chini ya sindano, mguu mmoja umeshonwa na mmoja bado.

Nilikaa chini ya cherehani nikijiona shujaa. Ushujaa huo ulidumu kama saa moja. Mama Beni alitoka na sinia yake. Alikuwa amevaa nguo ya kijani yenye pindo, nywele zimepakwa mafuta, na kwa mara ya kwanza niliona kiti cha mbao cha nyumbani kwao kimewekwa sebuleni, karibu na mlango wa baraza, kikitazama mashariki, kitupu.

"Filipo iko wapi?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Akakaa sakafuni kando ya kile kiti, sinia mapajani, na akangoja. Askari alikuwa ameshakwenda zamani na kiberiti chake. Saa ya chai ikapita. Bwana Jetha alimletea maji akayakataa. Saa ya chakula cha mchana ikapita. Midomo yake ilianza kukauka, na taa ya samli akaijaza mara mbili. Mtu anayemchukia mwenzake hakai hivyo. Hata mtoto wa miaka saba aliliona hilo.

Mama alifika na chakula cha baba kwenye kikapu, nyoyo ya mahindi na maharagwe. "Mume wangu yuko wapi?" akauliza.

Mama Beni akainua uso. Akaeleza kwa Kiswahili chake chote, na kilipomwishia akaeleza kwa mikono. "Leo siku yetu, rakhi. Dada yote nafunga ndugu yake hapa." Akashika kifundo cha mkono wake. "Dada nasema, Mungu chunga ndugu yangu. Ndugu nasema, mimi nachunga dada. Halafu nakula tamutamu. Kila mwaka mimi nafunga Kanti. Sasa Kanti hapana iko. Mkono yake hapana iko. Mimi nafunga nani? Nafunga mti?" Akafuta macho kwa pindo la nguo. "Filipo nalisha Kanti maji. Mimi nasema, Filipo ndugu. Sasa hata uzi napotea. Panya nachukua."

Akaokota utepe mdogo wa kitambaa pale chini, akamfunga mama mkononi ili aone. Mama aliutazama ule utepe. Kisha akanitazama mimi, kwani mama yangu alikuwa mtu wa kuunga mambo haraka.

"Atieno. Ulimwambia nini baba yako?"

Nikayatoa yote, isipokuwa habari ya uzi. Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, halafu kicheko kikakatika ghafla, maana alikumbuka kwamba mume wake yuko mbioni. Mtu aliyetoroka mara moja akitoroka mara ya pili, harudi kwa urahisi. Angeweza kuwa njiani kuelekea Mulot na zaidi ya hapo, na sisi tungebaki na suruali yenye mguu mmoja.

"Kama yupo karibu, yuko kwa arap Soi," mama akasema. Huyo alikuwa rafiki yake Mkipsigis, mfugaji wa ng'ombe ng'ambo ya kijito. "Twende. Na wewe, Mama Beni, unaweza kungoja?"

"Mpaka jua nalala," akasema Mama Beni. "Baada hapo, hapana."

Kijito kilikuwa karibu, lakini mvua ya mchana ya nchi ile mnaijua. Ilitukuta katikati ya njia, na haikuwa ya maji tu, ilikuwa ya mawe. Mama alinifunika kikapu kichwani pamoja na nyoyo yake, tukakimbia. Arap Soi alikuwa amesimama mlangoni akitazama malisho yake yakigeuka meupe.

"Papa yako iko ndani," akaniambia. "Nasema tumpo nauma. Lakini nimaliza maziwa yangu ya mursik yote."

Baba alikuwa amekaa nyuma ya moto, kikopo cha kipande kimefumbatwa mkononi. Mama alimweleza. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Hajala tangu asubuhi?" Mama akasema hata maji hajanywa. Baba akasimama akatoka na kuingia mvuani bila hata kumuaga mwenye nyumba.

Tulirudi jua likiwa limebakiza upana wa mkono mmoja juu ya vilima. Bwana Jetha alikuwa mlangoni. Nadhani mke wake alikuwa amemweleza kwa nini fundi wake alikimbia, au alikuwa ametambua mwenyewe.

"Filipo," akasema, "mimi najua siku ya kwanza. Mimi nasoma kipande, sahihi ya mwisho hapana iko. Mimi nauliza wewe? Hapana uliza. Basi ingia, bibi yangu nakufa na njaa."

Uzi haukuwepo. Mimi nilikuwa nimesimama futi mbili kutoka kwenye gunia, nimelipa mgongo. Mama ndiye aliyeokoa siku. Alichukua nyuzi tatu kutoka kwenye vigurudumu vya uzi vya baba, mbili nyekundu na moja ya manjano, akazisuka vilevile alivyonisuka nywele, akakaza fundo kwa meno. Mama Beni aliupokea kwa mikono miwili na kuugusisha kwenye paji la uso.

Baba aliketi kwenye kile kiti cha mbao, ndani ya nyumba ya Wahindi, matone yakimchuruzika kwenye sakafu yao. Mama Beni alimtia alama nyekundu usoni na punje za mchele juu yake, akaizungusha taa mbele yake, akamfunga ule uzi mkono wa kulia, akamlisha ladu kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha akakaa, akangoja, na baba akajua bila kuambiwa kwamba ndugu naye hutoa kitu. Alijipapasa mifuko. Halafu akavua kastabini ya Kanti kidoleni, akaiweka juu ya sinia.

Mama Beni aliitazama. Akaivaa, ikapwaya, akaikunjia ngumi na kulia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya msiba hatukukisikia. Tulilia sote, na mimi niliyesababisha yote nililia kuliko wote. Halafu akala. Alikula ladu tatu mfululizo na kunywa vikombe viwili vya chai, na mama alimpa nyoyo yetu iliyolowa mvua, akaila pia.

Kwa desturi yao ni ndugu anayemlinda dada. Kwetu ilikwenda kinyume. Wiki hiyohiyo Bwana Jetha alikwenda shambani kwenye chai na kipande cha baba. Sijui alizungumza nini na karani, nilisikia tu habari ya mablanketi mawili. Alirudi na sahihi. Tangu siku hiyo mama hakusema tena kwa sauti ya chini jioni, na ninyi mliolelewa katika nyumba ya watu wanaonong'ona mnajua hiyo ni zawadi ya namna gani. Kikombe cha bati hakikuhama siku hiyo. Kilihamia ndani, kwenye rafu, mwaka uliofuata, bila mtu kusema lolote. Nami nikavuka kizingiti, nikajifunza kukata na kushona kwa cherehani ya Kanti iliyovuliwa kitambaa chake cheupe. Nimekula kwa kazi hiyo maisha yangu yote na nimesomesha watoto wanne. Namshukuru yule mwanamke kila ninapopachika uzi, na sioni haya kusema hivyo.

Kila mwaka alimfunga baba uzi mpya, na kila mwaka uzi wa zamani baba aliupeleka mtoni ukachukuliwa na maji, kama walivyomfundisha. Ule wa kwanza tu ndio aliouweka kwenye kikopo.

Panya naye alibebeshwa kosa langu moja kwa moja. Mama Beni hakuua kiumbe, kwa hiyo kulikuwa na mtego wa waya, wa kumnasa akiwa mzima, na panya aliyenaswa alipelekwa ng'ambo ya kijito kuachiliwa. Baba ndiye aliyeutega kila Jumamosi, na kipande cha ladu ndani. Akimaliza alinitazama na kusema, "Atieno, mwizi wetu bado hajapatikana." Nami nikajibu, "Ndiyo, baba," na kuinamia kushona kwangu. Nilikuwa nimelipekua lile gunia kesho yake bila kuuona uzi, nikajua umetupwa na vitambaa. Sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Kifuniko kimetoka leo kabla ya saa sita. Karatasi imekuwa ya kahawia, mikunjo imekatika, lakini sahihi ile bado inasomeka. Uzi wa mama upo, wa nyuzi tatu, umepauka, na fundo lina alama za meno yake. Chini yake kulikuwa na kitu kingine kilichokunjwa ndani ya kipande cha kaki. Nikakikunjua. Ni uzi mwekundu wenye ua la dhahabu.

Gunia la vitambaa lilimwagwa na baba kila jioni. Ilikuwa kazi yake, nami nilikuwa nimesahau. Alikuwa ameuona siku ileile, mkono wake ukiwa bado na uzi wa mama, na hakuniuliza jioni hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka nikamzika. Aliendelea tu kutega mtego kila Jumamosi, na kuniambia kwamba mwizi wetu bado hajapatikana.